Kasi ya Nini? Historia ya Diski ya Nje na Majina Yake

Afisa ugavi mmoja wa mkoani ametuandikia akiuliza swali ambalo, kwa kulitazama juu juu, ni la ununuzi tu. Idara yake imetengewa fedha za kununua "diski ngumu ya nje yenye kasi" kwa ajili ya kompyuta, nao wafanyabiashara watatu wamemletea vyombo vitatu visivyofanana hata kidogo. Kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho chenye kasi. Bei ya kilicho ghali inapita mara tatu bei ya kilicho rahisi. Anachotaka kujua afisa huyo ni kipi kati ya hivyo vitatu, kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, ndicho kilichotajwa katika hati yake ya zabuni.

Tumelijadili swali hili ofisini kwetu kwa muda wa zaidi ya wiki moja, na tumeona kwamba halijibiki kwa kufungua kamusi. Ibara hiyo imejengwa kwa maneno manne, yaani diski, ngumu, nje na kasi, na kila moja lina historia yake. Matatu ya kwanza hayasemi tena kile yalichokusudiwa kusema hapo awali. La nne halikupata kusema jambo moja tangu mwanzo. Tena sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili, ambalo tutalieleza mahali pake.

Tuanze na diski. Mnamo Septemba 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mtambo ulioitwa 305 RAMAC. Kabla ya hapo kumbukumbu za ofisi ziliwekwa katika kadi zilizotobolewa matundu, au katika utepe wa sumaku. Utepe una kasoro moja ambayo kila aliyepata kutafuta wimbo katikati ya kaseti anaifahamu: hufiki katikati bila kupita mwanzo. Wahandisi wa maabara ya San Jose, California, wakiongozwa na Reynold Johnson, waliondoa kasoro hiyo kwa kutumia sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, zilizopakwa oksidi ya chuma na kupangwa juu kwa juu katika mhimili mmoja uliozunguka mara 1,200 kwa dakika. Mkono wa chuma ulipanda na kushuka kando ya rundo hilo, ukaingia baina ya sahani mbili na kusoma pale palipotakiwa. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa takriban tani moja, na kilihifadhi herufi milioni 5.

Kwa Mswahili wa mwaka huo wa 1956, aliyekuwa na gramafoni nyumbani kwake au kwa jirani, dhana hiyo isingekuwa ngeni. Alikuwa tayari na sahani ya santuri, alikuwa na mkono wake na sindano yake, na alijua kwamba mkono huo waweza kuinuliwa ukawekwa juu ya wimbo wa tatu bila kuusikiliza wa kwanza. Lau istilahi ingeundwa siku hizo, yamkini leo tungesema sahani bila kuona haya. Tutalirudia neno hilo hapo mbele, maana tuna kazi nalo.

Ugumu ulikuja baadaye. Mwaka 1962 kampuni hiyo hiyo ilitoa mtambo namba 1311, ambao sahani zake ziliweza kung'olewa zikiwa rundo moja, zikabebwa mkononi na kuwekwa kabatini. Hapo vitu viwili vikatengana: rundo la sahani lenye kumbukumbu, na mashine ya kulizungusha. Kila kimoja kilikuwa na jina lake, na mtu asingeweza kuyachanganya majina hayo kama asivyoweza kuchanganya santuri na gramafoni. Mwaka 1971 zikaingia sokoni diski za plastiki nyembamba yenye kukunjika, za inchi 8, na mara moja zile za zamani zikahitaji sifa ya kuzitofautisha. Zikaitwa ngumu. Ugumu huo, basi, haukuwa sifa ya ubora wala ya uimara. Ulikuwa kinyume cha ulaini wa mwenzake, na mwenzake huyo amekwisha kutoweka maofisini. Wajerumani waliiona dhana hiyo kwa jicho jingine, wakaita sahani iliyofungwa mahali pake, kwa kuilinganisha na ile ya kung'oa. Leo Mjerumani hubeba mkobani sahani iliyofungwa mahali pake na hastaajabu.

Kisha mwaka 1973 ukatolewa mtambo namba 3340, ambamo sahani, mikono na vichwa vya kusomea vilifungiwa pamoja katika kasha moja lisiloingiza vumbi. Vizazi vilivyofuata vikafungia na mota humo humo. Rundo na mashine vikawa kitu kimoja, na katika Kiingereza jina la mashine likalimeza jina la rundo. Ndilo jina hilo la mashine ambalo watafsiri wetu walilikuta miaka thelathini baadaye, wakalifasiri kiendeshi. Kisarufi hakuna kosa. Lakini msomaji asiyejua habari ya mwaka 1962 hawezi kufahamu ni kitu gani kinachoendeshwa, na ikiwa chombo hakina sehemu hata moja inayozunguka, kama tutakavyoona, basi hakuna kinachoendeshwa kabisa. Isitoshe, kiendeshi kinakaa jirani mno na kiendeshaji, ambacho ni programu ya kuiwezesha kompyuta kukitambua chombo, na tumesoma miongozo ambamo hayo mawili yanabadilishana nafasi ukurasa hata ukurasa.

Hapa tuna kisa kidogo ambacho watunga istilahi wanapaswa kukijua. Mtambo wa 1973 ulipangwa uwe na sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja. Na 30-30 ni jina la risasi itumikayo katika bunduki mashuhuri ya Winchester. Mkuu wa mradi, Ken Haughton, akaupa mtambo wake jina hilo kwa utani. Utani ukasafiri: Warusi na Wahungaria walilipokea neno winchester kuwa jina la kila diski ngumu, na bado lasikika huko. Hatusemi kwamba wamekosea. Jina lisilo na maana halimdanganyi mtu, ilhali jina lenye maana iliyopitwa na wakati humdanganya kila siku.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa kadiri tuonavyo, hasara moja ya kipindi hicho ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote ilikuwa ya kiisimu. Maneno hayakutufikia moja moja, kadiri vyombo vilivyobuniwa, ili kila neno lipate muda wa kuzoeleka na kukosolewa. Yalitufikia kwa mkupuo mmoja, diski laini na diski ngumu na kiendeshi vikiwa katika sanduku moja, historia yake ikiwa imebaki nyuma. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 ulilazimika kutafuta mamia ya istilahi kwa pamoja, jambo ambalo lugha nyingine zililifanya kwa muda wa miaka arubaini. Madukani nako watu hawakusubiri kamati. Wanasema hadi diski, tamko ambalo kwa mgeni wa Kiswahili huweza kudhaniwa ni mwisho wa safari. Na chombo cha kubeba wanakiita eksteno. Wenzetu wa Kenya wameizoea tarakilishi, sisi tumebaki na kompyuta, lakini eksteno ni ile ile Mombasa na Kariakoo.

Kuhusu neno nje hatutakawia. Mwaka 1956 kila diski ilikuwa nje ya mtambo, kwa kuwa ilikuwa kubwa kama kabati mbili, na hakuna aliyeona haja ya kulisema hilo. Mwaka 1980 ilipotolewa diski ya ST-506 ya inchi 5.25, yenye megabaiti 5, ndipo diski ilipoweza kuingia ndani ya kompyuta ya mezani, na iliyobaki nje ikahitaji jina. Mwaka 1981 kampuni ya Apple iliuza diski ya nje iliyoitwa ProFile, ya megabaiti 5, kwa dola 3,499. Ilikaa juu ya kompyuta, ikiwa na umeme wake yenyewe, na haikukusudiwa kubebwa. Anayesema nje siku hizi anamaanisha ya kubeba. Hati ya zabuni haina budi kusema hivyo.

Sasa tufike kwenye kasi, ambako ndiko liliko tatizo la afisa wetu na ndiko liliko deni letu.

Kasi ya diski si moja. Kuna muda wa kufika, yaani muda ambao mkono huchukua kukifikia kile kinachotafutwa. Katika RAMAC ulikuwa takriban sehemu sita za kumi za sekunde. Kuna kasi ya kusoma na kuandika, yaani kiasi kinachopita kila sekunde baada ya kufika. Na kuna kasi ya njia, yaani kiasi ambacho waya na kiunganishi vinaweza kupitisha, kiwe kinapatikana au hakipatikani. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuzitofautisha: twasema mwendo, mbio, upesi, wepesi, kasi. Lakini katika tafsiri zetu tumeyaacha yote na kuzoa kasi kwa kila dhana.

Njia iliyoenea kuliko zote ni USB. Toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1996, na lilikuwa na viwango viwili: megabiti 1.5 kwa sekunde, kilichoitwa kasi ya chini, na megabiti 12, kilichoitwa kasi kamili. Waliotoa jina hilo la pili walikuwa wamefunga mlango kwa ndani. Likiitwa kamili, linalofuata litaitwaje? Mwaka 2000 kikaja kiwango cha megabiti 480, kikaitwa kasi ya juu. Basi kwa miaka kadhaa mnunuzi alisoma katika makasha mawili yaliyowekwa rafu moja, "kasi kamili" na "kasi ya juu", na asingeweza kujua kwa akili ya kawaida kwamba kilichokamilika ni polepole mara 40 kuliko kilicho juu. Mwaka 2008 kikaja cha gigabiti 5, kikapewa jina la kupita hata hilo la juu. Mwaka 2013 kilipotokea cha gigabiti 10, kile cha 5 kikabatizwa upya kuwa kizazi cha kwanza cha toleo 3.1, mwaka 2017 kikabatizwa tena kuwa kizazi cha kwanza cha toleo 3.2. Chombo kile kile, waya ule ule, majina matatu. Hatimaye mwaka 2022 wasimamizi wa kiwango hicho waliachana na sifa hizo katika lebo za makasha wakaamua kuandika tarakimu tupu: gigabiti 5, 10, 20, 40. Ilichukua miaka 26 kwa watu wenye fedha na wataalamu tele kukubali kwamba sifa si istilahi. Tunalisema hili kwa faraja kidogo.

Na tarakimu zenyewe zina mtego. Njia hupimwa kwa biti, na kumbukumbu hupimwa kwa baiti, ambayo ni biti nane. Katika Kiswahili tofauti baina ya megabiti na megabaiti ni herufi moja tu. Mpiga chapa akiiacha, thamani inapungua mara nane na mhariri halalamiki, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Hata bila kosa hilo, kiwango kilichoandikwa hakifikiwi. Njia ya megabiti 480 ingepaswa kupitisha megabaiti 60 kwa sekunde. Kazini hupitisha 35 hadi 40. Katika miaka ya 2000 palikuwa na mshindani wake, FireWire, aliyeandikiwa megabiti 400 tu, na kazini alimshinda.

Deni letu ni hili. Miaka michache iliyopita ofisi moja ya umma ilikuwa inahama jengo. Ilikuwa na kompyuta ya zamani iliyoongezewa diski kadiri miaka ilivyopita, hata zikawa tatu, za terabaiti mbili kila moja, zimejaa sauti na picha za wazee wakisimulia kwa lahaja zao. Iliamuliwa nakala zichukuliwe kabla ya kuhama. Sisi tulipewa kazi ya kutafsiri hati ya zabuni pamoja na orodha ya vifaa vilivyokuwapo. Katika orodha ile, kompyuta ilielezwa kwa Kiingereza kuwa na viunganishi vya USB vya kiwango kile cha mwaka 2000. Tuliandika, kwa uaminifu wote, "viunganishi vya kasi ya juu". Katika zabuni tukaandika "diski ngumu za nje zenye kasi". Kila aliyesoma alielewa kwamba kasi ipo pande zote mbili.

Diski zilizonunuliwa zilikuwa za kuzunguka, zenye uwezo wa kupokea megabaiti 125 hivi kwa sekunde. Zilipochomekwa zilipokea 40. Terabaiti sita kwa megabaiti 40 ni saa 41 na dakika 40. Na kwa kuwa umeme wa jengo ulizimwa kila jioni, hiyo ilikuwa kazi ya siku sita. Asubuhi ya siku ya nne diski ya tatu ya kompyuta ile, ambayo zamu yake ilikuwa haijafika, ilikataa kuzunguka. Fundi alijitahidi, na hakikupatikana kitu.

Mwanzoni tuliungana na ofisi ile kumlaumu mfanyabiashara. Baadaye tulipiga hesabu upya tukaona haya. Diski zake zilitosha kabisa. Lau kompyuta ingeongezewa kadi ya viunganishi vya gigabiti 5, kitu cha bei ndogo kuliko diski yoyote, kazi nzima ingechukua saa 13 na dakika 20, yaani siku mbili za kazi, nayo ingekwisha kabla ya siku ile ya nne. Na lau ofisi ingenunua chombo cha bei kubwa kuliko vyote sokoni, kingechomekwa katika kiunganishi kile kile na kupokea megabaiti 40 zile zile. Laiti tungaliandika "viunganishi vya megabiti 480", mtu mmoja kati ya wote waliosoma angaliuliza kama zinatosha. Tuliandika "kasi ya juu", na hakuuliza mtu.

Turejee basi kwa afisa ugavi na vyombo vyake vitatu. Cha kwanza, kwa maelezo aliyotupa, ni cha sahani, za inchi 2.5, mizunguko 5,400 kwa dakika, sawa na tulivyovieleza. Cha pili na cha tatu havina sahani. Vinahifadhi kumbukumbu kwa chaji ya umeme ndani ya chipu, kwa ufundi uliotokana na kazi ya Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980. Cha pili kinasoma megabaiti 1,000 hivi kwa sekunde katika njia ya gigabiti 10; cha tatu kinataka njia ya gigabiti 40, ambayo kompyuta za idara yake hazina. Si diski, wala si vigumu wala laini, na hakuna kinachoendeshwa. Ndiyo maana tumependekeza jina la jumla liwe hifadhi ya kubeba, na aina zake ziwe mbili: hifadhi ya sahani na hifadhi ya chipu. Tunajua kwamba diski ngumu imekwisha kuota mizizi, na hatuna nia ya kumsahihisha mtu dukani. Katika hati ya zabuni, hata hivyo, sahani na chipu ni lazima zitajwe.

Tofauti hiyo ina uzito. Hifadhi ya sahani imekua kwa ujazo kuliko kwa kasi. RAMAC ilisoma herufi 8,800 kwa sekunde, kwa hiyo, bila kuhesabu mwendo wa mkono, ingeweza kumwagwa yote kwa muda usiofika dakika 10. Hifadhi ya sahani ya terabaiti 4 kwa megabaiti 125 huhitaji karibu saa 9. Tena tangu mwaka 2013 zimeuzwa sahani ambazo mistari yake ya kumbukumbu imelaliana kama makuti ya paa ili iingie mingi zaidi; na kama ilivyo kwa paa, huwezi kubadilisha kuti la chini bila kugusa lililo juu yake, hivyo uandishi wa kurudiarudia huzorota. Kwa mchoro wa mambo hayo tumependekeza uandishi wa kuezeka, na hatujapata pingamizi. Chipu nayo ina udhaifu wake: chaji huvuja polepole chombo kikikaa kabatini miaka bila kuunganishwa, kwa hiyo haifai kusahauliwa.

Kuhusu malalamiko yake kwamba terabaiti moja aliyoilipia yaonekana katika kompyuta kuwa gigabaiti 931, asimlaumu muuzaji. Muuzaji anahesabu kwa elfu, na programu inahesabu kwa 1,024. Tangu mwaka 1998 yapo majina ya kimataifa ya kutenganisha hesabu hizo mbili, ila watengenezaji wengi wa programu hawayatumii.

Tulimjibu aongeze katika hati yake mambo matatu yaliyopimika: aina ya hifadhi, megabaiti kwa sekunde wakati wa kuandika mfululizo, na gigabiti za kiunganishi cha kompyuta alizonazo. Ametujibu kwamba kompyuta zake ni za gigabiti 5, na kwamba kwa kazi yake ya kuhifadhi majalada atachukua kile cha sahani, viwili badala ya kimoja, ili nakala ya pili ikae jengo jingine.

Limebaki jambo moja ambalo hatujaafikiana. Katika makala haya tumetumia kiunganishi kwa pale pa kuchomekea waya, lakini wenzetu wawili ofisini wanashikilia kwamba hilo ni jina la kichwa cha waya, na kwamba pale pa kuchomekea ni tundu, kama wasemavyo mafundi umeme. Tangu mwaka 2014 kuna kichwa cha aina moja kinachoingia kotekote, kwenye njia ya megabiti 480 na kwenye ya gigabiti 40, pasipo umbo lake kuonyesha tofauti yoyote, kwa hiyo mjadala huu umekuwa mgumu kuliko tulivyotazamia. Utaendelea katika kikao kijacho cha kamati.